Miguu ya feri, sentimita 20 kwa 20

Mamangu aliponikuta nashona, alikiinua kile kitambaa kwa vidole viwili, akakigeuza mbele na nyuma, akauliza: "Mfarishi huu wa kumfunika nani? Paka?"

Ana haki ya kuuliza. Mfarishi anaoujua yeye hufunika kitanda kizima. Wangu una sentimita 20 kila upande. Tabaka ni zile zile tatu, kitambaa juu, blanketi kuukuu katikati, kitambaa chini, ila kazi yake ni kutundikwa ukutani. Juu yake kuna chapa, kuna uzi, kuna mchoro wa kalamu. Na karibu yote ninayoshona ina miguu ya watu.

Miguu naipata kwenye feri. Nakaa Likoni na kibarua changu kiko ng'ambo, kisiwani Mombasa, kwa hiyo navuka asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki. Zamani nilikuwa nachora nyuso. Sasa, mtu ukimtazama usoni mara tatu, ya nne atakuuliza una shida gani naye. Miguu haiulizi. Nainamisha kichwa, watu wadhani niko kwenye simu, kumbe kidaftari kiko mapajani: champali za ngozi zilizokanyagwa kisigino, buti za mlinzi aliyetoka zamu, viatu vya shule vya mtoto, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, mguu wa bi harusi wa juzi ambao hina yake imebaki kwenye kucha tu.

Mifarishi sita ya kwanza niliiharibu kwa njia moja. Nilichora kwanza kwenye kitambaa, vizuri kabisa, halafu nikashona juu ya mchoro. Nikimaliza, mguu si ule tena. Kila mshono huvuta kitambaa kukizamisha ndani ya blanketi. Nakata sentimita 22 ili nibaki na 20. Kingekuwa kinavutika sawasawa pote isingekuwa neno, lakini mishono ikisongamana mahali, hapo panavutika zaidi. Kijana mmoja mwembamba kama ufito alitoka na matende.

Nikageuza mpango. Chapa kwanza, sindano pili, kalamu mwisho.

Chapa nazichonga kwenye patipati. Kusi ikivuma, Shelly Beach haikosi patipati za mguu mmoja zilizotemwa na bahari. Soli yake hukatika kwa wembe kama jibini, na ni nene, kwa hiyo inashikika vizuri mkononi. Kwa vitu vidogo kama vidole na mikanda natumia raba za kufutia penseli. Rangi ni akriliki. Naipaka kwenye kigae kwa kipande cha sponji, nyembamba, kisha naibandika chapa pale. Rangi ikizidi, mifereji yote inajaa na unabaki na doa. Ikikauka napiga pasi ya moto kwa upande wa nyuma, la sivyo maji yataondoka nayo. Na maandishi yachongwe kinyume. Najua unajua. Mimi pia nilijua, na bado nina kitambaa nyumbani kilichoandikwa INOKIL.

Kitambaa cha juu ni bafta nyeupe au leso. Leso mpya ya Biashara Street ina wanga mwingi, rangi hukaa juu juu, kwa hiyo ifuliwe mara mbili kwanza. Mimi napenda za zamani. Mamangu alipiga kelele, "Leso nzima wakata?" hata nilipomwonyesha tundu la kupitisha kichwa. Leso ikichakaa, mji, ile sehemu ya katikati, ndio huanza kwenda, maana ndio unaokaliwa. Pindo na jina, yaani ule msemo wake, hubaki imara. Basi nina mapindo na majina tele. Kutoka "Wema hauozi" nilikata "hauozi" peke yake nikaishona chini ya miguu ya muuza samaki. Sarufi inakataa, samaki haozi, lakini walioiona wote walicheka kabla ya kusahihisha.

Kuhusu kushona, nilikuwa naanzia katikati kwenda nje, ndivyo mafundi wengi wanavyoshauri ili kitambaa kisijikunje. Kisha nikaona picha za kawandi, mifarishi ya Wasidi wa Karnataka, India. Hao ni watu ambao mababu zao wengi walivushwa bahari kutoka upande wetu huu wa Afrika, wengi wakipitia Goa mikononi mwa Wareno. Wanawake wao huanzia ukingoni, wanakunja pindo, wanaongeza viraka vya nguo kuukuu huku wakizunguka kuelekea katikati. Mwisho hutia pembetatu zilizokunjwa kwenye pembe, huziita maua, na bila hayo mfarishi huhesabiwa uko uchi. Nilijaribu usiku ule ule. Kuanzia pindoni kunaacha kitumbo kidogo katikati, na kitumbo hicho ndicho kinachoupa mguu nyama. Ua natia moja tu, jekundu, pembe moja. Manne kwenye kitu cha ukubwa huu ni harusi.

Mshono wangu ni ule wa kuingia na kutoka tu, nyuzi mbili kati ya sita za uzi wa kudarizi, na kastabani kidoleni kwa sababu ya blanketi. Fundi cherehani wa jirani alitazama, akadhani ni mishono ya kushikiza kwa muda, akauliza: "Hizi bandi utazifumua lini?"

Kalamu inakuja juu ya vilima na mabonde ya uzi, na huo ndio wakati ninaoupenda. Kalamu ya wino usiofutika ukiisimamisha kidogo inanywewa na pamba na kuacha doa, kwa hiyo mkono uende mbio. Nachora kile tu ambacho uzi haukusema: ukucha, ufa wa kisigino, pini iliyozuia mkanda wa patipati usichomoke.

Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo alinishika. "Mwanangu, miguu yangu ina nini?"

Nikamwomba radhi, nikampa kidaftari. Alikitazama mpaka feri ikashusha mlango.

"Vizuri," akasema. "Lakini hesabu."

Akautoa mguu wa kulia kwenye champali. Vidole vinne. Mimi nilikuwa nimechora vitano.

Chapa ya mguu ninayoitumia kwa watu wote ina vitano pia. Jioni ile nilichonga nyingine.