Dumu, viroba na taiti: nilivyoizoea baridi ya Njombe

Mtu wa Tanga akikwambia kuna baridi, mara nyingi anamaanisha amezima feni. Mimi ni mmoja wao. Nilipopangiwa kufundisha shule ya Njombe nilifunga begi kama ninayekwenda Muheza: mashuka mawili mepesi, sweta moja ya kuvutia macho, na kandambili. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Basi liliposimama Makambako usiku watu wajisaidie, nilishuka, nikavuta pumzi mara mbili, nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimebana vilevile.

Njombe mjini iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kusi, upepo uleule ambao kwetu wavuvi wanaujua kwa jina na tabia, huku unapanda milimani ukiwa na ukungu na manyunyu, na jua unaweza kulisahau siku tatu nzima. Halafu anga likitakata usiku wa Julai ndiyo balaa zaidi. Asubuhi unakuta nyasi za bondeni zina ganda jeupe la barafu.

Nilipanga chumba na sebule kwa mama mmoja wa Kibena. Tofali za kuchoma, bati juu, hakuna dari, chini saruji, madirisha ya luva ambayo hata ukiyafunga upepo unapita ukipiga mluzi. Wazo langu la kwanza lilikuwa hita ya umeme. Niliikuta dukani, wati 2,000, nikaanza hesabu palepale nikiwa nimeishika: uniti 2 kwa saa, saa nne za jioni ni uniti 8. Nyumba ile ilikuwa kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile isiyotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Siku tisa tu nimeimaliza, na wenzangu wa nyumba nzima nimewaingiza kwenye bei kubwa. Nikairudisha kwenye shelfu.

Usiku wa tatu nikafanya ujinga. Niliwasha jiko la mkaa uani, nikasubiri likaiva kabisa, mkaa mwekundu usio na moshi hata chembe, nikaliingiza chumbani na kufunga mlango. Nilishasikia watu wakisema mkaa ukiiva hauna madhara. Si kweli. Kinachoisha ni moshi tu. Kaboni monoksaidi inaendelea kutoka, haina rangi wala harufu, na ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Ndiyo maana mtu haamki akikohoa, anazidi kulala.

Mimi niliamshwa na kibofu. Kichwa kilikuwa kinagonga kama kinu, kichefuchefu, na nilipotaka kusimama magoti yakakataa. Nilijikokota hadi mlangoni, nikaufungua, nikakaa barazani na blanketi la kuazima nikitapika. Mama mwenye nyumba akatoka na tochi.

"Mwalimu, umelala na jiko?"

"Ndiyo, mama."

Hakusema kitu kwanza. Aliingia, akalitoa jiko, akafungua madirisha yote, akarudi akasimama mbele yangu. "Mwanangu, hapa tumezika watu kwa hilo. Tena wenyeji." Akanipeleka kwa bodaboda zahanati alfajiri ileile, na kwa wiki nzima alikuwa akipita saa tatu usiku kuangalia jiko langu lilipo.

Asubuhi iliyofuata akaja kukikagua chumba. Alichofanya sikukitegemea: hakuangalia blanketi, alipitisha kiganja chini ya godoro, kisha akaligandamiza kwa ngumi mpaka ikagusa chaga. Godoro la sponji la inchi 4. "Unajifunika juu, baridi inakuja mgongoni," akasema. Na kweli, kila usiku nilikuwa naamka mgongo ukiwa baridi kuliko tumbo, nikawa naongeza nguo juu. Sponji ikilaliwa inabonyea, hewa iliyokuwa ndani inatoka, na unakuwa kama umelala juu ya chaga zenyewe, upepo unapita chini ya kitanda.

Nikaenda duka la jumla kuomba maboksi. Ya sabuni ni mazuri, magumu na hayana harufu ya dagaa. Nilitandika tabaka tatu juu ya chaga, nikaweka gunia la katani, ndipo godoro, na juu ya godoro blanketi la kulalia kabla ya shuka. Gharama ilikuwa soda niliyomnunulia kijana wa dukani. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu nifike.

Bati lilikuwa kazi kubwa zaidi. Joto lote la chumba linapanda, linakutana na bati, linapotea. Alfajiri bati nalo linakutonea matone usoni. Fundi wa dari alinitajia bei nikacheka kwa heshima. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenionyesha dari ya viroba kwake. Nilinunua viroba vitupu 24 vya sukari na unga, shilingi 400 kila kimoja, nikavifumua, nikavifua, tukavishona kwa sindano ya magunia Jumamosi mbili mfululizo, kisha tukavipigilia kwenye mbao kwa misumari yenye vifuniko vya soda ili visichanike. Tofauti niliisikia kabla ya kuihisi: chumba kiliacha kutoa mwangwi.

Hasara zipo. Panya wakikimbia juu yake unadhani mvua imeanza. Na viroba vinashika moto haraka, kwa hiyo mshumaa na kibatari nilivipiga marufuku, umeme ukikatika natumia tochi ya simu. Luva niliziba kwa nailoni nene, nikaacha pale juu uwazi wa kiganja. Wiki ya kwanza niliziba zote kabisa, kuta zikatoka jasho na koti langu likaota ukungu wa kijani kwenye kola. Sasa mchana, jua likitoka hata dakika ishirini, nafungua kila kitu. Chini ya mlango nimelaza mguu wa jinzi kuukuu niliojaza maranda kutoka kiwanda cha mbao. Maranda Njombe ni bure, unabeba mwenyewe.

Kuhusu maji ya moto kitandani, nisikufiche, jaribio la kwanza lilinilaza kwenye kiti. Nilimimina maji yanayochemka kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Ilisinyaa mkononi kama jani la mgomba juu ya moto, nami kwa ukaidi nikaifunga kizibo nikaiingiza shukani. Saa sita usiku godoro limelowa. Chupa zile si za maji ya moto. Dumu la njano la mafuta ya kula, la lita 3, plastiki yake nzito, ndilo linalofaa: nayaacha maji yapoe kidogo baada ya kuchemka, najaza hadi shingoni, nakaza kizibo, naligeuza chini juu kwa dakika moja kuona kama linavuja, kisha nalivisha mkono wa sweta. Ukiliweka miguuni saa mbili, ukipanda kitandani saa nne unakuta kumeiva. Alfajiri maji bado yana uvuguvugu, nayanawia uso.

Mavazi nilimaliza kwa mitumba, kwa kuvizia siku ya kufungua bandali. Kofia ya sufu ya kulalia, soksi ndefu, na taiti. Naam, taiti, ndani ya suruali, mwanamume mzima. Mke wangu alipoambiwa kwa simu alicheka hadi salio likaisha. Nguo za mchana silali nazo tena. Zinakuwa zimeshika jasho na manyunyu, na nguo yenye unyevu inakupoza badala ya kukupasha. Jioni sikai chumbani. Nakwenda jikoni kwa mama, jengo la peke yake uani lenye kuni za miti ya miwati na mabanzi ya paini, watoto, paka, na "kamwene", salamu ya huku, za majirani wanaoingia. Moto mmoja wa kupikia unatutosha watu wanane.

Mke wangu alikuja likizo ya Julai iliyofuata, naye na begi la Muheza. Aliangalia juu, akasoma kwa sauti "Sukari kilo 50", akaniuliza kama tunaishi ghalani. Usiku nikamwonyesha dumu na kumweleza linavyokaa miguuni, katikati yetu. Alfajiri nililikuta upande wake, amelikumbatia kifuani. Nilinunua la pili siku hiyohiyo.