PhD ya chakula ianzie kibanjani

Tangu nitangaze nimepata nafasi ya PhD naulizwa jambo moja tu, dada skolashipu zinapatikana wapi. Nitasema, ila wadogo zangu, kuna kitu kinatangulia.

Andiko langu la kwanza lilihusu uhakika wa chakula Afrika, yaani Afrika nzima jamani, likakataliwa na walikuwa na haki. La pili nikaandika kibanja cha bibi yangu, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kule Muleba mkoani Kagera. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera kwenye 2005 au 2006, ule wa bakteria, ukikata shina unaona ute wa njano unachuruzika taratibu, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukimenya ndani ni kahawia tupu. Watu waling'oa migomba yao wenyewe wakaizika. Kwa bibi chungu hakikukauka sababu chini ya migomba kulikuwa na magimbi, mihogo, buni, na maharage ya kila rangi aliyoyatunza kwenye dumu moja na majivu. Nilimuuliza mbona huyachambui, akasema, mjukuu wangu, mvua ikigoma haya yanakufa, yale yanabaki.

Hapo ndo tasnifu ilipo! FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti 2019, mimea iliyowahi kulimwa kwa chakula duniani ni kama 6,000 lakini 9 tu inatoa asilimia 66 ya mavuno yote, halafu bibi ana dumu.

Sasa nafasi. Chuo kikuu cha Wageningen kule Uholanzi wana PhD ya sandwichi, unaanzia kule, unarudi nyumbani kufanya fildi, unaenda kumalizia, na kwa kina sisi tunaotafiti mashamba ya kwetu naiona ndo bora kuliko zote. Nyingine za Uholanzi ni ajira kabisa, zinatangazwa kama kazi na unalipwa mshahara. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wanadhamini pia watu kusoma vyuo vya hapa hapa Afrika, vyuo vinabadilika so soma tangazo la mwaka husika mpaka mwisho. Na ukitaka kugusa mboga za asili, mnafu, mgagani, mchicha, World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, wana benki ya mbegu Arusha, usiandike kama vile haipo.

Ukimwandikia profesa usimweleze unavyoipenda sayansi. Mwambie swali lako, ni kijiji gani, na utapimaje. Mimi niliandika nitarudi kwenye kaya zile zile kila msimu, nihesabu aina za mbegu ndani, niulize jana mlikula nini, niangalie kama nyumba yenye mbegu mchanganyiko mlo wake hautetereki sana msimu ukiharibika. Alinijibu siku ya tatu, swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu majivu.

Mwezi ujao naenda Muleba na mizani. Bibi amepiga simu jana, kashanitengea kopo moja la kila rangi na anataka kujua nitayarudisha lini maana mvua za vuli zinakaribia.