Niligeuka nimtafute alienipiga

Ilikuwa Oktoba 2017, msimu wa korosho ndo unachanganya, jioni tunacheza mpira wa maveterani Mikindani. Nilikuwa na miaka 38 na mpira sijaugusa karibu mwaka mzima. Nikachomoka kuuwahi mpira, nikasikia paa! kama fimbo kavu imekatika, na mtu kanipiga teke la nguvu nyuma ya mguu wa kulia. Nikageuka na hasira zangu zote. Nyuma hakuna mtu, wa karibu alikuwa kipa na yuko golini kwake huko.

Wote wakasema nimetenguka. Nikaamini, maana vidole nachezesha, kusimama nasimama, hata unyayo naweza kuushusha kidogo. Mama akaita fundi wa viungo akawa anakanda na mafuta ya nazi ya moto asubuhi na jioni, mi nalia huku nashukuru. Siku 9 zikapita hivyo, na zile siku 9 zinaniuma mpaka leo.

Nikaenda hospitali, eksirei ikaonyesha mifupa mizima. Nashukuru dada mmoja daktari hakuishia hapo. "Kaka, lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda." Akaminya kigimbi cha kushoto, unyayo ukainama chini wenyewe. Akaminya cha kulia, kimya. Akarudia, kimya. Akachukua kidole gumba cha mkono wangu akakipitisha juu ya kisigino, kikazama kwenye kishimo laini ambacho upande wa pili hakipo kabisa.

Akaniambia ule mshipa mgumu (kano, sio mshipa wa damu) unaounga kigimbi na mfupa wa kisigino, ambao ndo mnene na wenye nguvu kuliko kano zote mwilini, umekatika, na mara nyingi unakatikia hapohapo, sentimita 2 mpaka 6 juu ya kisigino, sehemu ambayo damu inafika kidogo. Kumbe vidole vina misuli yake mingine inayopita nyuma ya kifundo kwa ndani, hiyo ndo ilikuwa inausaidia unyayo kushuka, ndo maana tukadanganyika wote nyumbani.

Nikafungwa hogo, unyayo umeelekezwa chini ili ncha zikutane, nikatembelea magongo. Lilipotolewa kigimbi kilikuwa kimenywea kama cha mtoto. Mazoezi ya kusimamia vidole nimefanya miezi na miezi, mama ananishika mkono uani. Kisigino cha kulia kinainuka, ila hakijawahi kukifikia cha kushoto.