Yai namba 6

Saa tisa usiku. Nimeketi sakafuni mbele ya kiangulio, tochi mkononi, na sina kazi yoyote ya kufanya. Ndiyo shida yenyewe. Kwa siku 18 mashine hii imenipa shughuli: kugeuza mayai asubuhi, mchana na usiku, kuongeza maji, kuhakikisha joto halichezi mbali na nyuzi 37.5, kuchungulia kipimajoto kila nikipita, hata nilipotafuta tu kisingizio cha kupita. Siku ya 18 niliacha kugeuza, nikayalaza mayai kwenye trei, nikajaza maji vibakuli vyote viwili ili unyevunyevu uvuke asilimia 65, nikafunga kifuniko. Kuanzia hapo ni kutazama tu.

Mara ya kwanza kutazama kulinishinda. Kifaranga wa kwanza alipotoboa ganda nilifungua nimwone vizuri. Wa pili, nikafungua tena. Kila nilipoinua kifuniko unyevu ulitoka wote, na ule utando mweupe wa ndani ya ganda ukakauka na kuwabana waliokuwa bado wanahangaika kutoka. Wawili walikufa midomo ikiwa nje. Kwa hiyo usiku huu kifuniko sikigusi.

Safari hii niliweka mayai 14. Siku ya 7 tulizima taa, mimi na mwanangu, tukayamulika moja moja. Mawili yalikuwa meupe tu, hayana mbegu. Moja lilikuwa na duara jekundu la damu. Uhai ulianza, ukakatika. Yaliyobaki 11 yalikuwa na mishipa iliyotanda kama utando wa buibui, na katikati kidoa cheusi kinachotikisika. Mwanangu aliuliza, "Mama, kinatuona?" Sikuwa na jibu.

Juzi usiku yalianza kulia. Nasema mayai, maana hakuna ganda lililokuwa limepasuka. Kifaranga hutoboa kwanza kile kimfuko cha hewa kilicho upande mpana wa yai, huvuta pumzi yake ya kwanza humo, na sauti ikaja. Ukiisikia hutaki tena kwenda kulala.

Kufikia jioni walikuwa wametoka 9. Hutoka wabaya kweli, wamelowa, shingo haina nguvu, wanaanguka juu ya mayai ya wenzao na kusinzia papo hapo. Baada ya saa chache ni vipira vya manyoya. Nimewaacha humo humo, hawana njaa. Kiini cha yai huingia tumboni mwao kabla hawajatoka, na kinawatosha siku mbili bila chakula wala maji. Yai moja liko kimya tangu mwanzo. Na kuna namba 6.

Namba 6 lilitoboka saa sita mchana, ila limetoboka upande mwembamba. Nimelimulika mara nyingi nikidhani nimekosea, lakini kidomo kinaonekana pale pale, kinafunguka na kufunga. Saa 15 sasa. Najua kutoka tundu la kwanza hadi kutoka kunaweza kuchukua hata saa 24, na muda huo si wa bure: damu iliyomo kwenye utando inarudi mwilini, kiini kinamalizikia tumboni. Ukimenya ganda mapema, anavuja damu mikononi mwako. Haya yote nayajua. Bado nimeinuka mara mbili kwenda kutafuta kibano.

*

Mchana. Lilinyamaza kabla hakujapambazuka. Nilisubiri hadi wale 9 walipokauka wote, nikawahamishia kwenye boksi chini ya taa, ndipo nikalifungua. Alikuwa ametimia, kucha na kila kitu. Kichwa kilikuwa kimeingia upande mwembamba, mbali na kimfuko cha hewa, na kiini kilikuwa bado kiko nje kidogo. Kibano changu kisingesaidia, nadhani. Nadhani tu.

Kisha nikaligeuza geuza lile ganda. Lilikuwa duara, ncha zote mbili karibu sawa. Nikakumbuka siku ya kwanza nilivyolishika nikisita kipi ni chini kipi ni juu, nikakisia, nikalisimamisha kwenye kishikio. Yai likikaa ncha nyembamba juu, kifaranga huweza kuelekeza kichwa huko huko. Mimi usiku kucha nabishana na nafsi kuhusu kibano, kumbe kosa lina wiki tatu.

Mwanangu ameniuliza namba 6 ametoka saa ngapi. Nimemwambia hakutoka. Akaenda kuwahesabu walio kwenye boksi, akarudi: "Tisa."

Jioni hii nimepanga mengine 14 mezani. Kabla ya kuandika namba yoyote nimezima taa, nikamulika kila moja kutafuta kimfuko cha hewa, na hapo ndipo nimeweka alama ya penseli. La tatu ningeapa najua upande wake mpana. Alama imeangukia upande wa pili.