Mkia wa Mshale

Jumapili tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori, wifi yangu akaniuliza, "Hivi wifi, Darasa la Pili mnafundisha nini hasa? Si a, e, i, o, u na nyimbo?" Nikacheka, maana wifi huchekewa. Nikamwambia ndiyo, na kupiga makofi pia. Lakini swali lile limekaa mwilini kama upupu tangu siku hiyo, na leo nimeamua kulikunia hapa.

Kwanza mjue baridi. Mwezi wa saba Moshi huwezi kushangaa ukimkuta mtoto amevaa sweta la shule juu ya sweta la nyumbani, na chini yake fulana ya kaka yake. Darasani kwangu wapo 71. Wanakaa wanne kwenye dawati, wengine watano, na mwezi wa saba ndio mwezi pekee ambao nimewahi kuona faida ya kubanana. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 madarasa ya chini yalijaa, na kila ninapotaka kulalamika nawatazama wale wa nyuma, wale ambao mama zao wako sokoni Mbuyuni tangu alfajiri, najiuliza wangekuwa wapi saa hizi. Basi nanyamaza, naendelea kukanyaga mabegi.

Darasa la Kwanza na la Pili kazi yetu kubwa ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mtaala wa 2015 ndio uliotupunguzia mzigo wa masomo ukaziweka stadi hizo tatu mbele, na mimi niliyefundisha kabla na baada naweza kusema ule ulikuwa uamuzi wa mtu aliyewahi kukaa na mtoto wa miaka minane. Kabla ya hapo tulikuwa tunapita juu juu kwenye masomo mengi, na mtoto anafika Darasa la Nne bado anaimba ukurasa alioukariri.

Sasa wifi, ungekuja wiki jana ungekuta tunapambana na ng'.

Watu wazima mnaiona ndogo. Mtoto anaandika "ngombe", anaona yuko sawa kabisa, maana herufi zote zipo. Unamwambia bado kuna kile cha juu. Anakiweka. Kesho anakiweka na kwenye "ng'oma". Kueleza kwa maneno haisaidii, kwa hiyo miaka mingi nimekuwa nikitumia pua. Nawaambia wazibe pua kwa vidole viwili waseme "ngao": inatoka. Wazibe tena waseme "ng'oa": inakwama. Sauti ya ng' inapita puani, ukiziba njia haina pa kutokea. Nikawa na watoto 71 wamejibana pua wanahangaika na "ng'ombe, ng'ambo, ng'ara", mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani, akatikisa kichwa, akaondoka. Tatizo nililisahau: ni mwezi wa saba, nusu ya darasa wana mafua. Pua zimeziba zenyewe. Mmoja wa mbele akaniambia kwa huzuni, "Mwalimu, yangu haitoki hata nikiachia." Nikamwandikia kwenye daftari kwamba atajaribu tena akipona.

Hilo ni K moja, tena kipande chake tu. Vipindi vyetu ni vya dakika 30. Dakika tano zinaisha kwa kuchonga penseli, mbili kwa kesi ya nani amechukua ufutio wa nani.

Lakini nilichotaka kuandika leo ni saa.

Kumfundisha mtoto wa Kitanzania kusoma saa ni kazi yenye mtego, na mtego wenyewe sisi watu wazima tumeshauzoea hatuuoni. Mshale mfupi uko kwenye 7. Hiyo 7 imeandikwa, kubwa, mtoto anaijua tangu chekechea. Halafu mwalimu anamwambia hiyo ni saa moja. Simu ya mama yake nayo inaandika 07:00, na mama anaitazama anasema, "Saa moja hii, unachelewa!" Mtoto mwenye akili timamu lazima aone watu wazima wana kasoro. Ninawaeleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapotoka. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na jua likizama tunaanza upya, saa ya kwanza ya usiku. Hapo wananielewa vizuri sana, maana jua wanalijua. Mlima wanaujua zaidi. Dirisha letu la kushoto linaona Kibo, asubuhi kinakuwa cheupe wazi, kisha mawingu yanapanda yanakifunika. Kuna mtoto ukimuuliza saa anatazama huko kwanza: "Mlima umejifunika, mwalimu, uji tayari."

Kutoka jua hadi kwenye uso wa saa ndipo wanapozama. Njia niliyofundishwa chuoni, na nimeitumia miaka 14, ni hii: toa sita. Saba toa sita, moja. Tisa toa sita, tatu. Safi. Sasa mshale ukiwa kwenye 2? Mbili toa sita haitoki kwa mtoto wa Darasa la Pili, hajafika huko. Hapo unamwambia jumlisha sita: nane. Saa nane mchana. Kwa hiyo wakati mwingine unatoa, wakati mwingine unajumlisha, na mtoto anakaa njia panda na kidole mdomoni, na kati yao wengi wanaamua kuandika ile wanayoiona. Saa mbili. Kosa.

Alhamisi nilikuwa na saa yangu ya boksi. Nimeikata kwenye boksi la biskuti, namba nimeziandika kwa maka pen, mishale miwili ya boksi hilohilo, katikati kizibo cha soda kilichotobolewa kwa msumari, na msumari nimeukunja kwa nyuma. Inazunguka vizuri kuliko saa nyingine za ukutani ninazozijua. Tukafanya pamoja, tukaimba, nikachora nyuso kumi za saa ubaoni, wakanakili na kuandika majibu.

Jioni nikabeba madaftari nyumbani. Nikasahihisha: sita kwa kumi, tano, nne, saba, nne. Nikafika kwa Eliya (si jina lake). Kumi kwa kumi.

Eliya bado anasoma kwa kukokota. Anaweka kidole chini ya kila silabi, ma-ma a-na-u-za, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoroka. Na dawati lake liko nyuma ya mtoto ambaye ndiye hupata zote kila siku. Nilikuwa nimechoka, taa ilikuwa inakatika na kurudi. Nikashika kalamu nyekundu, nikaandika chini ya kazi yake: Usiangalizie.

Sikutazama hata majibu ya yule wa mbele yake. Ningetazama, ningeona alipata saba.

Ijumaa asubuhi nikagawa madaftari, kisha nikamwita Eliya mezani. "Eliya, nani alikupa majibu?" Akatazama kandambili zake. "Hakuna, mwalimu." Nikachukua saa ya boksi, nikaweka mshale mfupi kwenye 4, mrefu juu kwenye 12. "Hapa ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

Nikaweka kwenye 11. "Saa tano." Mimi mwenyewe nilikuwa bado natoa sita kichwani. Nikaweka katikati ya 9 na 10, mrefu nikaushusha kwenye 6, nikijua hapo ndipo wanapoanguka. "Saa tatu na nusu."

"Unajuaje?"

Akanyoosha kidole cha shahada, kina wino wa kalamu mpaka kwenye kucha. Akakiweka kwenye ncha ya mshale mfupi. Akakivuta polepole juu ya boksi hadi kwenye kizibo, akakipandisha juu ya kizibo, akakishusha upande wa pili, akaendelea moja kwa moja bila kupinda mpaka kidole kikatua katikati ya 3 na 4.

"Huu mkia wake, mwalimu. Hauonekani, ila upo. Saa inasomwa mkiani."

Nilibaki nalitazama lile boksi. 7 inatazamana na 1. 2 inatazamana na 8. 12 inatazamana na 6. Zote, kila moja, bila kutoa wala kujumlisha. Miaka 14, na sikuwahi kuvuka kile kizibo.

"Nani alikufundisha?"

"Babu. Likizo nilikuwa Kibosho."

Kumwomba radhi mtoto wa miaka minane ni kitu ambacho hakimo kwenye andalio la somo. Nilimwambia, "Eliya, nimekosea mimi. Hukuangalizia." Akaitikia, "Haya, mwalimu," kisha, kwa sauti ileile, "Naomba kwenda chooni." Akaenda mbio. Sijui alikuwa amebanwa tangu saa ngapi, maskini, wakati mimi namhoji.

Nikaandika vema kubwa na 10/10 pembeni. Lakini kalamu nyekundu haifutiki. Neno langu lipo palepale.

Jumatatu Mama Eliya akaja, ana beseni la parachichi kichwani, ameacha meza yake kwa jirani. Tukasalimiana, akaliweka beseni chini, akauliza kwa upole ule unaouma kuliko ukali: "Mwalimu, nimeona umemwandikia kijana asiangalizie. Nimekuja tu kujua, anaangalizia sana?" Nikamweleza yote, na aibu yangu. Akaanza kucheka kabla sijafika mwisho. Kumbe mzee alikuwa karani wa kupokea kahawa kwenye chama cha msingi, na wajukuu wote wanaopanda huko likizo lazima waisome saa yake ya mkononi, ya kutia ufunguo, kabla hawajapewa chai. "Hata mimi alinifundisha hivyohivyo nilipoolewa," akasema. "Nilikuwa naogopa kumwambia kwamba saa naijua." Akaniachia parachichi tatu. Nilikataa mara mbili, kama inavyopasa.

Leo nimewafundisha wote mkia. Nimemsimamisha Eliya mbele ashike boksi, mimi nikakaa kwenye dawati lake, magoti yananigusa kidevu. Alifundisha kwa maneno machache sana. Anavuta kidole, anavuka kizibo, anatua, anasema, "Mkia." Darasa linaitika saa. Baada ya mara tano nilisikia kile kitu ambacho walimu wa madarasa ya chini tunakijua, sauti inapobadilika kutoka kuimba na kuwa kujua. Wanaacha kusubiriana, kila mtu anataka awe wa kwanza. Yule mwenye mafua akapiga kelele, "Saa nane! Saa nane!" mpaka akakohoa.

Nilipopanda daladala jioni tukapita kipilefti cha Mnara wa Saa, nikajikuta nimeweka kidole kwenye kioo cha dirisha nautafuta mkia wa mshale wa kule juu. Konda akauliza, "Mwalimu, unashuka hapa?" Nikamwambia hapana, twende.

Ila sijamaliza. Zilikuwa zimebaki dakika kama mbili za kipindi, nimefurahi, nimeshaanza kufuta ubao. Neema (naye si jina lake), ambaye huwa haongei mpaka awe na uhakika, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mshale mrefu?"

"Umefanyaje?"

"Nao una mkia?"

Nikafungua mdomo. Mshale mrefu hausomwi mkiani. Ukiwa 3 ni robo, ukiwa 6 ni nusu, ukiwa 9 ni kasorobo, unausoma hapohapo ulipo. Huo ndio ukweli. Lakini nilishaiona sura yake, na nikajua swali litakalofuata ni kwa nini, kwa nini mmoja una mkia na mwingine hauna, ilhali yote miwili nimeikata kwenye boksi moja. Eliya naye akawa amenigeukia, ameshika boksi, anasubiri. Hata babu yake, nadhani, hakufika huko.

Rimu ya gari ikagongwa pale kwenye mti, watoto 71 wakaondoka kwa mara moja kama maharage yanayomwagwa, uji ulikuwa umeiva. Neema akabaki amesimama sekunde chache zaidi, kisha naye akakimbia.

Kesho kipindi cha kwanza ni Kuhesabu. Boksi nimekuja nalo nyumbani, liko hapa mezani kando ya kikombe cha chai na parachichi ya mwisho, mshale mrefu umelala kwenye 6.