Pesa Ziende Mlango wa Nyuma

Nyumba nyingi tunazojenga nyumbani tukiwa huku nje zina ugonjwa mmoja: pesa zote zinaishia mbele. Nguzo nene, mlango wa mvule wa pande mbili, tailesi zinazong'aa mpaka unajiona uso. Zunguka nyuma sasa. Mlango wa jikoni ni wa mabati, na chini yake kuna gunia kuukuu la kufutia miguu. Na huko ndiko watu wote wanakopita! Mlango wa mbele unafunguliwa pasta akija, au siku ya kujadili mahari.

Hapa Minnesota, Marekani, kati ya gereji na jikoni, nyumba nyingi zina kijichumba cha kuvulia viatu. Hakina urembo wowote. Kulabu za makoti, benchi la kukalia ukivua mabuti, trei yenye kingo ya kukinga maji ya theluji, basi. Kinachowasumbua zaidi ni chumvi. Barabara na vijia humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri chumvi ya kawaida inaanza kushindwa, ndipo wanapoongeza mchanga au kemikali nyingine. Yote hayo yanang'ang'ania kwenye soli. Ukiingia nayo sebuleni, maji yakikauka yanaacha madoa meupe yanayoharibu ng'aro ya sakafu ya mbao.

Kwetu Kakamega hakuna theluji, lakini kuna mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha alasiri, na udongo mwekundu unaonata. Hiyo ndiyo saa watoto wanatoka shule, shemeji anatoka kukama, kijana wa ng'ombe anafika na mzigo wa majani ya napia kichwani. Mama amepiga deki asubuhi. Kufikia saa kumi na mbili jioni, jikoni na shambani ni kitu kimoja.

Kwa hiyo nimemwambia fundi aongeze kachumba nyuma, mita 2 kwa mita moja na nusu. Sakafu yake iwe chini ya ile ya jikoni kwa sentimita 5, iteremke kuelekea nje sentimita 2 kwa kila mita, ili ukimwaga ndoo ya maji yatoke yenyewe. Tailesi ziwe za kukwaruza. Zile za kuteleza zitamvunja mama nyonga. Benchi la matofali, kimo cha sentimita 45, chini liwe wazi gambuti zikae. Kulabu safu mbili, ya chini ya watoto, la sivyo sweta za shule zitaishia sakafuni. Nje ya mlango, kipande cha chuma bapa kisimamishwe kwa ubavu ndani ya zege, mtu akwangue soli kabla hajaingia. Fundi yeyote wa kuchomelea ana mabaki ya kutosha kazi hiyo.

Lakini ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, nitakwambia gata. Maji ya paa yakidondoka mbele ya mlango ndiyo yanayochimba lile dimbwi tunalolikanyaga kila siku. Yakinge, yaelekeze kwenye tangi, mwaga kokoto hapo chini, na nusu ya matope haitafika mlangoni.

Fundi hakufurahi. "Boss, hiyo pesa si tuongeze nguzo huku mbele?" Mama naye akamuunga mkono: "Mwanangu, wageni wataona nini?" Nikamwambia wageni wataona sakafu safi, Mama. Akacheka, akakubali, mradi zile nguzo zilizopo zisiguswe.

Kilichobaki ni kuku. Mama anasema chumba chenye kivuli na benchi watakifanya chao kabla saruji haijakauka, na nimeona ana haki. Tumeagiza mlango wa vipande viwili, wa chini ufungwe mchana kutwa.