Usome ukingo, si shimo

Goma, Jumamosi jioni

Upepo wa ziwa umevuma tangu mchana na mabati ya mtaa wa Birere yanalia. Bati la paa likichanika, huanzia kwenye tundu la msumari. Mwili wa ndege nao ni hivyo hivyo, ila msumari wake ni riveti.

Ndege ikipasuka angani, kila jicho hukimbilia shimo. Shimo halisemi mengi, maana ufa ulikwisha pita. Kinachosomwa ni ukingo. Shika lenzi ya kukuza mara 10, tochi iangaze kutoka ubavuni. Ufa uliokua polepole, wa uchovu wa metali, yaani metali iliyochoka kwa kuvutwa na kuachiwa mara nyingi, ni bapa na laini, una mistari ya nusu duara kama ile ambayo maji ya Kivu huacha mchangani. Pale uso unapoanza kukwaruza na kulala kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, bati lilichanika kwa mkupuo mmoja. Basi fuata mistari kurudi nyuma hadi kitovu: tundu la riveti, kutu, au mkwaruzo.

Brashi ya waya ikae mbali. Wala usibane vipande viwili kuona kama vinakaa pamoja. Vikisuguana mistari inafutika, na kosa hili hufanywa na watu wenye nia njema kabisa.

Weusi unaozunguka riveti ni alumini iliyosagika: kiungo kilikuwa kinacheza. Boeing 747 ya China Airlines ilivunjika angani tarehe 25 Mei 2002, watu 225 wakafa. Chini ya kiraka chake zilikutwa alama za msuguano, ishara kwamba ufa ulikuwa ukifunguka na kufunga kabla ya siku ile. Kiraka kilipigwa 1980, mkia ulipoburuza chini. Mikwaruzo haikuondolewa yote, ikafunikwa.

Sosisi kikaangoni hupasuka kwa urefu. Ndege yenye presha, yaani inayojazwa hewa ndani kila inaporuka, pia, kwa kuwa nguvu inayotanua mduara ni mara mbili ya ile inayovuta kwa urefu, na angani hewa ya ndani husukuma kama tani 5 kwa kila mita ya mraba. Boeing 737 ya shirika la Aloha, Hawaii, ilipopoteza mita 5.5 za paa mwaka 1988, ilikuwa imeruka mara 89,680, nyingi zikiwa safari fupi za visiwani. Nyufa ndogo kwenye mstari wa riveti zilishikana. Kwa hiyo uliza imeruka mara ngapi kabla ya kuuliza ina miaka mingapi.

Let 410, ndege ndogo za abiria zinazojulikana uwanja wa Kavumu karibu na Bukavu, hazijazwi presha. Zina magonjwa yake.